Gramu Mia Saba na Arobaini

Shangazi yangu ni mkaguzi wa mizani na vipimo. Kwa miaka thelathini ameingia kwenye maduka, maghala na mabucha akiwa na sanduku la mbao lililojaa mawe ya kupimia, kuanzia lile la gramu tano, dogo kama kifungo cha shati, hadi la kilo ishirini ambalo wakaguzi wenzake hulibeba wawili wawili. Yeye hulibeba peke yake, tena huku anaongea. Mizani ikiwa sawa, anaibandika karatasi ya kijani na kuaga. Ikiwa na kasoro, anaibandika karatasi nyekundu yenye neno PUNGUFU, anaifunga kwa waya, na mwenye duka anakaa siku tatu akihesabu wapita njia. Watu wanamwita Bi Gramu, ila si mbele yake.

Hata mume alimpata kazini. Aliingia dukani kwa fundi cherehani mmoja kukagua utepe wake wa kupimia, akakuta umevutika kwa sentimita mbili. Fundi akajitetea kwamba mtu anampima kwa utepe huo na kitambaa anakikata kwa utepe huo huo, kwa hiyo makosa yanakutana njiani, yanasalimiana, na nguo inamkaa mtu vizuri. Shangazi akaubandika karatasi nyekundu hivyo hivyo. Lakini kesho yake alirudi kuangalia kama karatasi bado ipo, na kesho kutwa akarudi tena, na mpaka leo wako pamoja.

Mimi ni mtoto wa kaka yake, na ni mwalimu wa michezo katika shule aliyosoma yeye. Ukiingia kwenye baraza la ofisi ya mwalimu mkuu utaona ukutani orodha ya rekodi za shule. Za mbio zimeshavunjwa na kuandikwa upya mara nyingi mpaka rangi imekuwa nene. Mstari mmoja haujaguswa kwa miaka thelathini na moja: KURUSHA TUFE, WASICHANA, MITA 12.87, na mbele yake jina la Shangazi. Ukuta umepakwa chokaa mara tatu tangu wakati huo, na kila fundi wa rangi alipofika pale aliagizwa auruke mstari huo.

Mtu asiyemjua anaweza kucheka kwamba mwanamke mzima, mwenye cheo na bima, anajivunia chuma alichorusha akiwa na miaka kumi na saba. Asicheke upesi. Shangazi alikuwa msichana mkubwa wa umbo katika darasa la wasichana wembamba, na walimwita Gunia, na yeye aliitika kwa sababu hakujua kuna njia nyingine. Siku ile ya michezo alirusha mara moja tu, na uwanja ukanyamaza. Mgeni rasmi alikuwa mkuu wa ofisi ya mizani, na ofisi yake ilikuwa inatafuta mtu wa kubeba jiwe la kilo ishirini. Alimpa kazi kabla hajavaa viatu. Kazi ikaleta mume, mume akaleta nyumba, na Gunia akawa mtu anayeogopwa na wenye magunia. Yote hayo yalitoka kwenye mrusho ule mmoja, na hicho ndicho kitu pekee maishani mwake kilichoandikwa ukutani.

Kikombe cha ushindi hakikuwepo, maana mwalimu mkuu wa wakati ule aliahidi kikombe akasahau kukinunua. Kwa aibu, akamwambia msichana achukue tufe lenyewe. Mgeni rasmi, mkuu wa mizani wa eneo zima, alilishika kwa mikono miwili mbele ya watu, akalipima kwa macho, akasema, "Hili ni zito kweli kweli." Tangu hapo tufe limezuia mlango wa sebule ya Shangazi usibamizwe na upepo. Kila mgeni hujikwaa, na akishajikwaa husimuliwa.

Sisi wa ukoo tulishaijua hadithi hiyo kwa pumzi zake. Tulijua anapotulia kabla ya kusema "uwanja ukanyamaza," na wengine wetu tulikuwa tunanyamaza mapema ili amalize haraka.

Kila mwaka siku ya michezo Shangazi huja shuleni, hukaa mstari wa mbele, na hutazama wasichana wakirusha. Kwa miaka miwili mfululizo mshindi wetu amekuwa binti wa mwenye bucha, msichana mrefu, mpole, mwenye mabega ya kazi. Mwaka jana alirusha mita kumi na sentimita tisini. Watu walishangilia, naye akaja kumsalimia Shangazi kwa heshima zote.

"Hujambo binti," Shangazi alisema. "Unakula lakini?"

"Nakula, shangazi."

"Basi kula zaidi. Sisi wakati wetu tulikuwa tunarusha."

Msichana alikwenda nyuma ya vyoo akalia. Nilimfuata, nikamwambia maneno ambayo walimu huyasema, hayakusaidia kitu. Baba yake naye alisikia, na alikuwa na sababu zake za kuchukia. Wiki mbili kabla ya hapo Shangazi alikuwa amekuta mizani ya bucha ina upungufu wa gramu arobaini. Mwenye bucha aliomba, alieleza, alionyesha kwamba ni kutu kwenye springi tu. Shangazi akasema, "Gramu arobaini ni gramu arobaini," akabandika. Nyama ya siku tatu ilikwenda kwa majirani bure. Karatasi nyekundu ilipoondolewa kwenye mizani, mwenye bucha aliibandika ukutani karibu na kisu kikubwa, na mteja yeyote aliyeuliza alielezwa mpaka mfupa.

Mwaka huu chama cha michezo ya shule kilileta agizo jipya: kila shule iwe na matufe matatu ya wasichana, ya kilo nne kila moja, yapimwe na mkaguzi anayetambulika wiki mbili kabla ya mashindano. Sisi tulikuwa na mawili. La tatu lilitumbukia kisimani enzi za mwalimu aliyenitangulia, na hakuna aliyewahi kueleza lilifikaje huko. Nikaona njia rahisi. Nilikwenda kwa Shangazi, nikaomba lile la mlangoni, mumewe akaweka pasi ya mkaa mahali pake, na Shangazi akakubali kuja kupima mwenyewe. Alifurahi kuombwa. Alivaa hata koti la kazi.

Tulikuwa wawili tu kwenye stoo ya vifaa, kati ya nyavu zilizochanika na mipira iliyokata pumzi. Aliweka mizani yake ya tarakimu sakafuni, akaisawazisha, akaijaribu kwa mawe yake. Tufe la kwanza: kilo nne na gramu tano. Kijani. La pili: kilo nne na gramu kumi. Kijani. Kisha akalichukua la kwake kwa mikono miwili, akaliweka taratibu.

Mizani ikaandika 3.260.

"Hii mizani ina wazimu," alisema Shangazi.

Akatoa mawe yake matano, akayapanga moja moja. Sawasawa, bila hata gramu moja kando. Akaliweka tufe tena, 3.260. Akafunga dirisha, akisema upepo. Akahamisha mizani kwenye kona nyingine, akisema sakafu. Akaniambia nisogee, akisema mimi. Mwishowe akalifuta tufe kwa kitambaa, kwa nguvu, kama mtu anayeamini uzito umejificha chini ya uchafu, akaliweka tena. Ikasoma 3.259.

"Sasa umetoa vumbi," nilisema, na sijui kwa nini nilisema.

Alikaa juu ya rundo la mikeka ya mazoezi. Miaka thelathini ameishi nyumba moja na mizani sahihi kuliko zote mjini, na tufe liko hatua nne kutoka lilipo sanduku la mawe, na hakuwahi hata siku moja kuviweka pamoja. Mganga hajigangi.

"Nani mwingine ameona?" aliuliza.

"Mimi na wewe, Shangazi." Nilichuchumaa karibu naye. "Na mimi sijaona. Hili ni la mlangoni, na mlango haushindani na mtu. Tulirudishe likazuie mlango, nitaazima lingine shule ya jirani."

Sitajifanya malaika. Nilikuwa namhurumia, lakini pia nilikuwa nimejidai kwa ukuta ule tangu niajiriwe. Shangazi alilifunga tufe kwenye kitambaa, akasema, "Twende kwa aliyelitengeneza."

Aliyelitengeneza ni mzee mmoja mwenye karakana ya kukereza vyuma nyuma ya ghala la saruji. Hasikii vizuri kwa sababu ya mashine, lakini macho yake yanaona unywele kwenye chuma. Alilipokea tufe akalizungusha, na uso wake ukachanua kama aliyeletewa mjukuu.

"Hili langu," alisema. "Mwalimu wenu alikuja na tufe moja, akaniambia nitengenezee lingine kama hili. Nikapima unene huku, nikapima huku, nikapima mzunguko. Mpaka leo ukiyaweka pamoja huwezi kuyajua."

"Na uzito, mzee wangu?" aliuliza Shangazi kwa sauti kubwa.

"Uzito hakuniambia."

"Ndani uliweka nini?"

"Nilitengeneza nusu mbili nene, nikaziunganisha. Katikati mchanga." Akainua kidole. "Mchanga safi lakini. Nilichekecha mwenyewe, mara mbili. Kwani limepasuka?"

"Halijapasuka."

"Unaona? Miaka thelathini. Hiyo ndiyo kazi."

Nilisubiri Shangazi amlipukie, kama ninavyojua anavyolipuka. Alimshukuru, akamshika mkono, tukatoka. Nje alisimama kando ya mifuko ya saruji iliyopasuka.

"Kwa hiyo sikurusha," alisema.

"Ulirusha, Shangazi. Watu wazima walikuwepo."

"Nilirusha mchanga."

Kwa siku mbili hakutokea kazini, na wafanyabiashara wa mji mzima walidhani ni sikukuu. Siku ya tatu mumewe alinipigia simu. "Njoo umwone shangazi yako," alisema. "Na uje na tufe la kilo nne. Ameniagiza nisimwulize kitu, kwa hiyo na wewe usiulize."

Nilimkuta uani amechora duara kwa chokaa, amevaa raba na gauni la nyumbani. Alitaka kujua jambo moja tu: gramu zile mia saba na arobaini zilimpa umbali gani. Alipanga kurusha mara ishirini kwa tufe zito na mara ishirini kwa lile jepesi, kwa zamu, moja baada ya lingine, ili uchovu ugawanyike sawa. Mumewe alipewa kazi ya kupima kwa utepe wa ushonaji, ambao sasa ni mpya na una karatasi ya kijani, lakini una urefu wa mita moja na nusu tu. Kila mrusho ilibidi autandaze, aweke kidole, autandaze tena, aweke kidole, huku amepiga magoti na pini mdomoni kwa mazoea. Kwa mirusho arobaini alitembea kwa magoti zaidi kuliko kwa miguu. Jogoo wa jirani alihama ua siku ya kwanza na hakurudi.

Bega la Shangazi lilivimba, akalichua kwa dawa, akaendelea. Alikuwa na daftari lenye safu mbili. Siku ya tano alinisomea matokeo. Tufe la kilo nne, wastani wa mita sita na sentimita sabini na nne. Lile la mchanga, mita saba na sitini na tatu.

"Sentimita themanini na tisa," alisema. "Mkono ule ule, mguu ule ule, duara lile lile. Zito linakula nguvu zako wakati wa kulianzisha, linatoka mkononi limeshachoka. Jepesi linatoka na kasi. Na likishatoka mkononi, kasi ndiyo inayosema litue wapi."

"Kama kusukuma baiskeli yenye mzigo na baiskeli tupu," mumewe alisema kutoka chini.

"Hivyo hivyo."

"Basi nikirusha kibiringo cha uzi, kitafika sokoni."

Alijaribu. Kibiringo kilifika mita nne, na uzi mwingine wote ukabaki umemzunguka yeye. Shangazi alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu stoo, kisha akarudi kwenye daftari. Alikuwa amepiga hesabu ya mwisho. Kama angekuwa na tufe la kilo nne siku ile, akiwa na miaka kumi na saba, pengine lingefika mita kumi na moja na sentimita thelathini na saba.

"Mita kumi na moja si haba," alisema mumewe, akijitoa uzi shingoni.

"Si haba. Lakini si yangu vilevile. Hiyo sikuirusha, nimeihesabu tu." Akafunga daftari. "Sina hii na sina ile."

Nikarudia ombi langu. Nilimwambia hakuiba, hakujua, mwenye kosa ni mwalimu aliyesahau kutaja uzito, tena ameshatangulia mbele ya haki. Nani atafaidika?

"Nilimwambia mwenye bucha gramu arobaini ni gramu arobaini," alisema. "Kesho nitaingia kwenye bucha gani na sanduku langu? Na yule msichana wake nilimuuliza kama anakula."

Siku ya michezo ilifika na jua lake. Mwenye bucha alikaa upande wa pili wa uwanja, amevaa suti, mikono imekunjwa. Binti yake alikuwa ameniambia asubuhi, kwa upole wake, kwamba hii ndiyo mara yake ya mwisho kurusha. Ukuta ule ameuchoka. Mrusho wake wa tatu ulifika mita kumi na moja na sentimita hamsini na mbili. Hakuna msichana niliyemfundisha aliyewahi kufika karibu na hapo. Watu walisimama.

Mwalimu mkuu akachukua kipaza sauti. "Tumpongeze sana," alisema, "ingawa, ndugu wazazi, bado hatujaifikia rekodi ya mama yetu aliye hapa mbele, rekodi ambayo haijavunjwa wala sidhani..."

Msichana aliinama akaanza kufungua kamba za viatu.

"Subiri, binti," alisema Shangazi, akasimama. Alikuwa na mizani chini ya kiti. Aliiweka kwenye meza ya wageni, kati ya maua na chupa za maji, akanipa ishara nilete tufe la mlangoni. Nililibeba kama mtu anayepeleka ushahidi wa kumfunga mama yake. Akaliweka, akachukua kipaza sauti kutoka kwa mwalimu mkuu bila kumwomba, na akasoma kwa sauti anayoitumia madukani.

"Tufe hili ndilo nililorushia mita kumi na mbili na sentimita themanini na saba. Linatakiwa liwe kilo nne. Lina kilo tatu na gramu mia mbili na sitini, pamoja na vumbi la uani. Limepungua gramu mia saba na arobaini."

Akatoa karatasi nyekundu mfukoni, akailamba gundi, akalibandika. PUNGUFU.

Uwanja ukanyamaza. Nilikumbuka mara zote tulizomcheka kwa maneno hayo nyumbani, na niliona aibu.

Mwenye bucha alisimama taratibu, akafunga kifungo cha koti. Kila mtu alijua mkuki kwa nguruwe unakuja kugeuzwa. "Mama mkaguzi," alisema, "mimi kwa gramu arobaini ulinifungia siku tatu. Wewe kwa mia saba na arobaini unajifungia ngapi?"

Shangazi hakukasirika. Aliangalia juu, midomo ikahesabu. "Siku hamsini na tano na nusu," alijibu. "Kwa siku hizo sitaitaja rekodi yangu kwa mtu yeyote."

Kwenye viti vya ukoo wetu alisikika mtu akishusha pumzi. Nadhani alikuwa mumewe.

Mwenye bucha alibaki amesimama. Nadhani alikuwa na maneno mengine aliyoyatayarisha kwa mwaka mzima, na sasa hakujua ayapeleke wapi. Akatikisa kichwa mara moja, akakaa.

"Sasa njoo, binti," Shangazi alisema. Alisahau kwamba kipaza sauti bado kiko mkononi, na kila neno lilifika mpaka langoni. "Mwaka jana nilikuuliza kama unakula. Nilikosea. Wewe ulikuwa unarusha chuma, mimi nilirusha mchanga. Nisamehe." Akamkabidhi tufe lenye karatasi nyekundu. "Rusha hili. Mizani mbili huwezi kuzilinganisha mpaka uzipe jiwe lile lile."

Msichana alifunga tena kamba zake. Aliingia kwenye duara, akaliweka tufe shingoni, akashangaa kidogo, nikaona anashangaa jinsi lilivyo jepesi. Kisha akasukuma. Liliruka na karatasi yake nyekundu ikipepea nyuma, likapita kijiti cha kumi na mbili, na lilipotua vumbi liliinuka mahali ambapo sijawahi kupanga kijiti. Mita kumi na tatu na sentimita mbili. Msichana aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Baba yake alikuwa ameshafika katikati ya uwanja, suti na yote, na sijui alifikaje.

Shangazi alinigeukia. "Sentimita kumi na tano," alisema. Alikuwa tayari ameshapiga hesabu ya tofauti.

Siku zake alianza kuhesabu asubuhi ya kesho yake, na hakudanganya hata saa moja. Tulikwenda kumtembelea, tukajikwaa mlangoni, tukasubiri, akatukaribisha chai. Nyumba ilikuwa na utulivu ambao tulikuwa tumeuomba kwa miaka, na haukuwa na ladha. Wiki ya nne dada yangu alimuuliza kwa makusudi enzi zake shuleni zilikuwaje. Shangazi alifungua mdomo, akatazama kalenda, akaufunga. Huko kazini aliingia kwenye bucha na sanduku lake. Mwenye bucha aliiweka mizani mbele, ikapita, akabandikiwa kijani. Ile karatasi nyekundu ya karibu na kisu ilikuwa imeondolewa, na hakuna aliyeizungumzia.

Mwalimu mkuu alikuwa ameniagiza nifute mstari wa Shangazi na kuandika wa msichana. Nilitoa visingizio vyote ninavyovijua: rangi imeganda, brashi imepotea, mvua inakuja. Siku ya hamsini na sita visingizio viliisha. Nilikuwa nimesimama barazani na brashi yenye chokaa saa sita mchana kamili, na Shangazi akatokea langoni. Ile nusu ya mwisho alikuwa ameihesabu kwa saa za kazi.

"Unafanya nini?" aliuliza.

"Nafuta, Shangazi. Nimeagizwa."

"Nani amekwambia sikurusha?" Alininyang'anya brashi. "Umbali ule ni wa kweli. Walimu watatu walipima, na mimi ndiye niliyelirusha. Kilichokosekana hapo ni uzito. Usifute. Andika uzito."

Niliandika. Juu, rekodi ya shule, jina la msichana: MITA 11.52, KILO 4. Chini yake, Shangazi: MITA 12.87, KILO 3.260. Alivaa miwani, akasogea, akasoma.

"Kule stoo tulitoa vumbi," alisema. "Ni 3.259."

Nikarekebisha.

Msichana alipita akielekea uwanjani na tufe la kilo nne kwapani, maana kurusha hajaacha. Alisimama akasoma mistari yote miwili, kisha akamwamkia Shangazi.

"Marahaba," alisema Shangazi. "Umekula?"

"Nimekula, shangazi," alisema msichana, na wote wawili wakacheka mpaka mwalimu mkuu akachungulia dirishani.

Jioni ile nilimsindikiza nyumbani. Kulikuwa na mteja wa mumewe, mama mmoja aliyekuja kuchukua gauni, na alipoingia alijikwaa mlangoni kama kila mtu. Aliinama akalitazama tufe na karatasi yake nyekundu, ambayo Shangazi amekataa kuibandua. Mumewe aliacha cherehani ikanyamaza. Na mimi nilinyamaza, na safari hii sikuwa na haraka amalize.

"Hiki nini, mama?" aliuliza yule mgeni. "Mbona kimeandikwa pungufu?"

"Ni tufe," alisema Shangazi. "Ni pungufu kweli. Lakini nililirusha mimi."